Wakili wa Shamba, Barua ya Mashine

Mashine ya kukatia majani ya ng'ombe niliyoinunua Embu mjini ilikufa siku ya kumi na sita. Nilikuwa nimetoa shilingi 46,000, karibu bonasi yangu yote ya majani chai mwaka ule. Mwenye duka hakunitukana. Alininyooshea tu kidole kwenye kibao cha ukutani, kwamba bidhaa ikishauzwa hairudishwi, akageuka kumhudumia mteja mwingine. Nilitoka pale damu imenipanda, nikavuka barabara na kupanda ngazi hadi ofisi ya wakili niliyemfundisha hesabu alipokuwa darasa la saba. Alinisikiliza mpaka nikamaliza. Akaichukua risiti, akaigeuza, akasema: "Mwalimu, ukinilipa mimi kwa jambo hili utakuwa umenunua mashine mbili na nyumbani huna hata moja." Kisha akanisogezea karatasi nyeupe na kalamu.

Mwezi huohuo wa Machi jirani yangu alikuwa amenunua nusu ekari upande wa Runyenjes. Laki nane. Mkataba uliandikwa na kijana wa kuchapa barua karibu na stendi, pande zote mbili zikatia sahihi mbele ya mashahidi wawili, watu wakanywa chai na kuagana. Nilipomuuliza mbona hakupitia kwa wakili, alijibu kwamba anaokoa pesa.

Kwa hiyo mimi nilimkimbilia wakili kwa ajili ya mashine, naye akamkwepa kwa ajili ya shamba. Nimekaa na watu Kianjokoma, Nkubu na Maua, na kosa hili naliona kila mahali: haja ya wakili tunaipima kwa ukubwa wa hasira. Kipimo kinachofaa ni kingine. Jiulize, jambo hili likiniharibikia, nitapoteza kitu kisichorudi? Shamba halirudi. Nyumba iliyopigwa mnada hairudi. Siku zilizowekwa na sheria zikipita hazirudi. Mota ya mashine hununuliwa nyingine.

Turudi kwenye ile karatasi nyeupe. Wakili aliniambia niandike mwenyewe, naye akawa anasahihisha kama nilivyokuwa nikimsahihisha zamani. Barua ya madai haitaki Kiingereza kigumu wala mihuri. Inataka siku uliyonunua, kitu chenyewe, kiasi ulicholipa na ulivyolipa, kilichoharibika na siku kilipoharibika, unachotaka kifanyike, na muda unaompa mwenzako. Yangu ilikuwa hivi: "Tarehe 3 Machi nilinunua kwako mashine ya kukatia majani kwa shilingi 46,000, nilizolipa kwa M-Pesa. Nimeambatisha nakala ya risiti na ya ujumbe wa malipo. Tarehe 19 Machi mota iliungua ikiwa katika kazi ya kawaida. Naomba unibadilishie mota au unirudishie pesa zangu ndani ya siku 14 tangu leo. Usipofanya hivyo nitapeleka madai haya mahakamani pamoja na gharama." Hakuna tusi, hakuna kumtisha na polisi, hakuna historia ya maisha yangu.

Nilichapa nakala mbili. Moja nikamwachia mwenye duka, ya pili akatia sahihi kwamba ameipokea. Akikataa kusaini, mtumie kwa posta ya rejista, au ipige picha umpelekee kwa WhatsApp ili tarehe na saa zibaki. Barua hii ni ya lazima hata kama mwishowe utamwajiri wakili, kwa sababu mahakama hutaka kuona kwamba ulimdai mtu kabla ya kumshtaki. Ukiiruka unaweza kushinda kesi na bado ukanyimwa gharama zako.

Mota mpya ilifika siku ya tisa. Kile kibao hakikumkinga mwenye duka. Kifungu cha 46 cha Katiba ya 2010 kinampa mnunuzi haki ya bidhaa na huduma zenye ubora unaofaa, haki ya kuelezwa anachohitaji kujua kuhusu kitu anachonunua, na haki ya fidia akipata hasara kwa sababu ya kasoro. Sheria ya Kulinda Watumiaji ya 2012, iliyoanza kutumika Machi 2013, inasema haki zilizomo humo zinasimama hata kama mtu amesaini makubaliano ya kuziacha. Kibao cha "hairudishwi" kinamfunga mteja aliyefika nyumbani akabadili mawazo kuhusu rangi. Hakimfungi aliyeuziwa kitu kibovu.

Kilichonisaidia zaidi ya sheria ni ile risiti. Mali bila daftari hupotea bila habari, na biashara yetu nyingi huku haina daftari. Kule Igembe miti ya miraa hukodishwa kwa msimu kwa maneno na salamu za mkono. Imenti Kusini, lori la ndizi hupakiwa jioni na mnunuzi anaahidi kulipa akishauza Nairobi. Wakulima wa makadamia na wa muguka wa Mbeere wanaijua ahadi hiyo. Mkataba wa mdomo ni mkataba halali kwa biashara nyingi za namna hii. Shida ni kuuthibitisha. Kuna mbinu ndogo ambayo haigharimu hata shilingi kumi, nami namsihi kila mkulima aizoee. Mkishapatana tu, mtumie mwenzako ujumbe: "Tumekubaliana leo mikungu 120 ya ndizi kwa shilingi 400 kila mmoja, utanilipa kufikia Ijumaa." Akijibu "sawa", umepata mkataba wa maandishi. Ujumbe huo usiufute. Taarifa ya M-Pesa ichapishe mapema, piga picha ya mzigo ukiwa kwenye lori na namba ya gari ionekane.

Deni lisipolipwa baada ya barua, hatua inayofuata kwa watu wengi si wakili bado. Ni Mahakama ya Madai Madogo. Sheria yake ilipitishwa mwaka 2016, na ya kwanza ilifunguliwa Milimani, Nairobi, Aprili 2021, ndipo nyingine zikaanza kufunguliwa katika kaunti. Inasikiliza madai yasiyozidi shilingi milioni moja: mauzo ya bidhaa na huduma, pesa ulizompa mtu akakaa nazo, uharibifu wa mali, fidia ya kuumia. Sheria inataka hukumu itolewe ndani ya siku 60 tangu kesi kufunguliwa. Kanuni kali za ushahidi hazitumiki, kwa hiyo picha zako za simu hazitatupwa nje kwa sababu ya utaratibu tu, na unaruhusiwa kujisimamia mwenyewe. Asiyeridhika hukata rufaa Mahakama Kuu, lakini kwa hoja za sheria pekee. Maana yake ni kwamba ushahidi wako wote uulete siku ya kwanza. Hakuna nafasi ya pili ya kusema, "kulikuwa na shahidi mwingine."

Mahakama hiyo haigusi mgogoro wa umiliki wa ardhi, wala wa ajira, wala wa kuchafuliwa jina. Nenda masijala ya mahakama iliyo karibu nawe, iwe Meru, Maua, Nkubu, Embu, Runyenjes au Siakago, ueleze kiasi unachodai na mahali mlipofanyia biashara, nao watakuambia kesi yako ifunguliwe wapi. Ikienda kwa hakimu wa kawaida, mamlaka yake yana ngazi chini ya sheria ya 2015: hakimu mkazi wa ngazi ya kwanza huishia shilingi milioni 5, na hakimu mkuu milioni 20. Kesi siku hizi hufunguliwa kwa mtandao na ada hulipwa kupitia eCitizen. Kijana wa saiba anaweza kukuingizia, ila maelezo yaandike wewe. Usimwachie mtu ambaye hakuwepo mlipopatana.

Kabla ya ada hiyo, kaa chini ufikirie jambo ambalo wengi hulikumbuka wakiwa wamechelewa. Hukumu si pesa. Ukishinda dhidi ya mtu asiye na kitu chenye jina lake, umepata karatasi. Kwa hiyo mchunguze mdeni kwanza. Ana gari? Ana duka, ng'ombe, mshahara? Anapatikana wapi? Hukumu hudumu miaka 12, kwa hiyo aliyekauka leo anaweza kuwa na kitu kesho, lakini usitumie 60,000 kumfuata mtu wa 40,000 ambaye hana makao. Kwa deni kama hilo mara nyingi makubaliano ya kulipa kidogo kidogo, yaliyoandikwa na kushuhudiwa, yanakupa zaidi.

Na usipitie kituo cha polisi ukidhani ni njia ya mkato. Mtu aliyenunua ndizi zako akashindwa kulipa ana deni la madai. Akiwa alikudanganya tangu mwanzo, kwa mfano kwa jina la uongo au kwa hundi aliyojua haina pesa, hapo pana jinai, na kuandikisha OB ni sawa. Tofauti hiyo wakati mwingine ni nyembamba, na saa moja ya ushauri wa wakili inaweza kukuonyesha uko upande upi. Ukimfungisha mtu kwa deni la kawaida, yeye ndiye atakayekuja kukudai fidia.

Kuna migogoro ambayo ina mlango wake maalumu, na ukigonga mwingine unafukuzwa baada ya miezi ya kungoja. Mwanachama aliyekosana na chama chake cha ushirika, iwe ni cha kahawa, cha maziwa au Sacco, hupelekwa kwenye Jopo la Vyama vya Ushirika. Mpangaji wa duka pale Gakoromone au Makutano ambaye hana mkataba wa maandishi, au ana mkataba usiozidi miaka mitano, analindwa na sheria ya wapangaji wa biashara, Sura ya 301. Mwenye nyumba hawezi kumtoa wala kumpandishia kodi bila notisi rasmi ya angalau miezi miwili, na mpangaji anayepinga hupeleka shauri kwenye jopo la majengo ya biashara kabla ya siku za notisi kuisha. Kampuni ya mikopo ya simu iliyompigia shemeji yako na mchungaji wako kukuaibisha imevunja kanuni za Benki Kuu za 2022, na malalamiko kuhusu matumizi mabaya ya namba za simu za watu hao hupokelewa na Kamishna wa Kulinda Data. Bima iliyokataa kulipa, anza kwa mamlaka inayosimamia kampuni za bima. Udanganyifu wa matangazo na bei unapelekwa Mamlaka ya Ushindani. Kwa mbegu isiyoota, nenda KEPHIS, shirika la serikali linalokagua mimea na mbegu; usitupe mfuko, kwa kuwa namba zilizo kwenye kibandiko ndizo ushahidi.

Na wazee? Nina heshima kubwa kwa Njuri Ncheke, ambao makao yao ya jadi yako Nchiru, na kwa wazee wa kwetu Embu. Katiba, kifungu cha 159, inatambua usuluhishi wa kimila mradi hauvunji haki za binadamu wala sheria. Kwa mipaka ya mashamba, kwa ndugu waliogombana, kwa deni baina ya majirani watakaoendelea kuchota maji mto mmoja, wazee hufanya kazi ambayo hakimu hawezi. Ninachoomba ni hiki tu: mkipatana, muyaandike mapatano yenu, kila mmoja asaini, na ikiwa ni jambo zito mpeleke kwa wakili ayasajili mahakamani yawe amri. Hapo ndipo pesa ya wakili inanunua kitu cha maana, kwa sababu patano la mdomo la wazee hufa na wazee.

Sasa shamba. Hapa nitakaa kidogo, maana ndipo watu wetu wanapoumia zaidi.

Ardhi ya kilimo haiuzwi kwa sahihi pekee. Chini ya Sheria ya Kudhibiti Ardhi, Sura ya 302, bodi ya ardhi ya eneo lazima itoe idhini, na ombi lipelekwe ndani ya miezi 6 tangu mkataba kufungwa. Bila idhini, mkataba unakuwa batili. Mnunuzi anabaki na haki ya kudai pesa alizolipa kama deni, wakati bei ya ekari imeshapanda na muuzaji ameshazila. Mwaka 2014 Mahakama ya Rufani iliyoketi Nyeri iliwakinga wanunuzi waliokuwa wameshaingia kwenye ardhi, ikaona si haki muuzaji ajifiche nyuma ya kukosekana kwa idhini. Majaji wengine baadaye waliona vinginevyo. Jambo ambalo majaji wenyewe wametofautiana juu yake, kwa nini uliweke mikononi mwa kijana wa kuchapa barua?

La pili, ambalo kwetu ni sugu, ni shamba lililo bado kwa jina la babu. Muuzaji anakutembeza kwenye mipaka, anakuonyesha migumo iliyopandwa tangu enzi za baba yake, majirani wote wanakubali kwamba kipande hiki ni chake. Na ni kweli, kifamilia ni chake. Lakini Sheria ya Urithi, Sura ya 160, hairuhusu ardhi ya marehemu kuuzwa kabla mahakama haijathibitisha mgawo wa mirathi, na kuingilia mali hiyo bila mamlaka ni kosa la jinai. Mnunuzi anajenga, anachimba choo, anapanda parachichi, na miaka kumi baadaye shangazi aliyeolewa Chuka anarudi na karatasi za mirathi. Mahakama inampa shangazi haki yake, kama ipasavyo. Hapo mkataba wa stendi hauna la kukusaidia.

La tatu ni mwenzi wa ndoa. Nyumba na shamba la familia haviuzwi bila ridhaa ya mume au mke, hata kama hati ina jina moja. Sahihi ya mke iliyopatikana kwa kuitwa jikoni, "njoo utie sahihi hapa," ndiyo inayokuja kubishaniwa.

Wakili wa kweli huyatazama haya yote kabla hujatoa shilingi. Anatafuta rekodi kwenye masjala ya ardhi, anaangalia kama kuna zuio la mtu au deni la benki, anaandika mkataba ambao sheria inautaka uwe wa maandishi na kila sahihi iwe na shahidi aliyekuwepo, anashika pesa kwenye akaunti ya wateja mpaka hati iko tayari, na anahesabu miezi 6 kwa niaba yako. Muuzaji awe na wakili wake na wewe uwe na wako. Bajeti yako iwe pia na ushuru wa stempu, asilimia 2 ya thamani kwa ardhi ya mashambani na asilimia 4 kwa ya mjini. Kama pesa ya haya yote huna, basi pesa ya shamba bado haijatosha.

Baada ya ardhi zinakuja karatasi zenye siku. Ukipokea hati ya wito ya mahakama, usiiweke kwenye droo, usiende kwa mdai kubembelezana wiki tatu. Hati yenyewe imeandika siku ulizopewa za kujibu. Zikipita, hukumu hutolewa bila wewe kuwepo, na kuiondoa ni kazi ngumu kuliko kujibu. Dalali akija na notisi ya mali inayohamishika, kama pikipiki, gari au vyombo, kwa kawaida una siku 7 za kukomboa. Kwa ardhi iliyowekwa rehani, benki hutakiwa kukupa kwanza notisi ya miezi 3, kisha ya siku 40, na dalali naye akupe 45. Notisi hizi zikitolewa vibaya, wakili anaweza kusimamisha mnada. Lakini hawezi kuusimamisha ukija kwake jioni nyundo imeshapigwa.

Kabla ya kumdhamini mtu mkopo, na walimu wenzangu mnanisikia, mlipe wakili akusomee fomu hiyo. Mdhamini hafungwi bila maandishi na sahihi yake. Akishasaini, amefungwa hasa. Vilevile mtafute wakili kama umeumizwa mwilini na kitu kibovu au na gari, kwa sababu una miaka 3 tu ya kudai, tofauti na miaka 6 ya mkataba wa kawaida. Mtafute kama wewe ni mkandarasi au mfanyabiashara unayedai serikali. Kuidai serikali kwa mkataba kuna ukomo wa miaka 3, na kwa madhara mengine miezi 12. Tena ukishinda, huwezi kumtuma dalali akachukue magari ya kaunti. Kuna utaratibu wake. Nimeona watu waliopeleka mahindi na kokoto wakizunguka afisi za kaunti kwa upole mpaka miaka imekwisha. Na mtafute kama upande wa pili una wakili na kiasi kinachobishaniwa ni kikubwa kuliko mapato yako ya mwaka.

Kati ya kujisimamia na kukabidhi kesi nzima kuna njia ya katikati ambayo watu wengi hawajui kwamba inaruhusiwa. Unaweza kumlipa wakili saa moja ya ushauri peke yake. Unaweza kumlipa aandike barua moja yenye jina la ofisi yake, na mara nyingi hiyo inatosha. Unaweza kumlipa akague mkataba ambao wengine wameuandika. Uliza tu: "Hii kazi ndogo, bila kesi, ni pesa ngapi?"

Ukienda kwake, nenda ukiwa umejiandaa. Panga karatasi kwa tarehe, andika ukurasa mmoja wa kilichotokea, usifiche baya lako. Mdanganye wakili wako na utaadhibiwa na wakili wa mwenzako. Muulize mambo mawili yaliyo magumu: hoja gani ni kali zaidi dhidi yangu, na mpaka mwisho nitakuwa nimelipa kiasi gani. Anayekuahidi ushindi siku ya kwanza, ondoka. Makubaliano ya ada yaandikwe na kusainiwa, na kila malipo yawe na risiti. Amri ya malipo ya mawakili imeweka viwango vya chini, kwa hiyo anayejinadi kwa bei ya kutupa nayo ni dalili mbaya. Anayesema "nilipe tukishinda tu" anafanya makubaliano ambayo Sheria ya Mawakili, Sura ya 16, haiyakubali.

Hakikisha pia kwamba ni wakili. Mwaka 2023 Kenya nzima ilizungumzia habari za mtu aliyedaiwa kufanya kazi ya uwakili bila kufuzu. Chama cha Mawakili cha Kenya kina orodha mtandaoni unayoweza kutafuta jina na kuona kama leseni, ambayo ni ya mwaka mmoja mmoja, ni hai. Wale vijana wanaokudaka kwenye lango la mahakama wakisema "nina mtu wangu ndani" si mawakili, na kuandaa hati za kuuza ardhi kwa malipo bila kuwa wakili ni kosa. Wakili akikukalia na pesa zako au akinyamaza miezi, kuna Tume ya Malalamiko dhidi ya Mawakili. Na usiye na uwezo kabisa, Sheria ya Msaada wa Kisheria ya 2016 ilianzisha huduma ya taifa kwa ajili yako. Uliza masijala wakuelekeze.

Jirani yangu alikuja kwangu mwezi wa saba baada ya kutia sahihi. Alikuwa ameambiwa sokoni habari za bodi ya ardhi, akaja na mkataba wake umekunjwa ndani ya Biblia. Tulipanda zile ngazi pamoja. Yule wakili aliusoma mara mbili, akauliza hati iko kwa jina la nani, akauliza kama mke wa muuzaji anajua. Bahati ilikuwa upande wetu katika hayo mawili: hati ni ya muuzaji mwenyewe, na mkewe alishuhudia. Ombi la bodi lilikuwa halijapelekwa kabisa. Sheria inaruhusu mahakama kuongeza muda ikiwa kuna sababu ya kutosha, na ombi hilo sasa limewasilishwa katika Mahakama ya Mazingira na Ardhi, Embu. Ada aliyotakiwa kulipa ni karibu mara tatu ya ile aliyoikwepa Machi. Muuzaji ni mtu mwema. Amekubali kuapa kwamba hapingi.

Mvua za Oktoba zimeanza. Mke wa jirani alitaka wapande maharagwe kwenye ile nusu ekari, na wakili amewaambia wasiingize hata jembe mpaka bodi iketi.